Idhini ya Picha ya Nne

Kalangalala, Geita
12 Oktoba 1998

Mwalimu Marselino Mihayo,
Didia, Shinyanga.

Shikamoo Mwalimu.

Hunifahamu. Ninaitwa Bhavna Sanket, mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Geita. Baba yangu ana duka la misumari, kamba, tochi na vifaa vya uchimbaji. Anwani yako nimepewa na mkuu wetu wa shule. Anasema ulimfundisha Kiswahili zamani, na kwamba hata leo akimwandikia Afisa Elimu huhisi umesimama nyuma ya kiti chake.

Ninaomba msaada. Kuna shindano la wanafunzi wa sekondari na vyuo kutoka nchi nyingi. Kila timu inatengeneza kurasa zinazosomwa kwenye kompyuta. Kurasa hizo hupelekwa kwa waya wa simu, na mtu aliye ng'ambo anaweza kuzifungua na kuzisoma kama gazeti. Wenyewe wanaziita websaiti. Timu yetu ina watu watatu: mimi, Agnetha ambaye baba yake ni mchimbaji, na Mwita ambaye hugombana na kompyuta mpaka inazima. Kompyuta ni ya duka. Kaka yangu Dhaval huitumia kwa hesabu, nasi tunapewa jioni baada ya kufunga. Tukishinda, shule itapewa kompyuta zake. Kwa sasa haina hata moja.

Tumechagua kueleza jinsi wachimbaji wadogo wanavyotafuta dhahabu. Masharti yanataka lugha mbili, mojawapo ya nchi yetu, na mshauri wa lugha asiyefundisha shuleni kwetu. Tunaomba uwe mshauri wetu. Tutakutumia kurasa zikiwa zimechapwa kwenye karatasi, wewe utasahihisha na kuturudishia. Mwishoni Dhaval atapeleka disketi Mwanza kwenye ofisi yenye simu inayoweza kuzituma. Mwisho wa kupokea kazi ni tarehe 31 Machi.

Baba anasema hajapata kuona bidhaa isiyopimwa kwa kilo wala kwa futi, lakini ametuachia.

Wako mtiifu,
Bhavna Sanket


Didia
26 Oktoba 1998

Bhavna,

Marahaba.

Nimekubali. Mkuu wenu wa shule alikuwa mvivu wa kuweka nukta. Ninatumaini amepona.

Masharti yangu ni haya. Mtaniandikia kwa kalamu ya wino wala si ya risasi. Hamtanitumia kitu ambacho ninyi wenyewe hamjakisoma kwa sauti. Wala msiniulize kama kazi ni nzuri. Nitawaambia palipo kosa. Pasipo na alama yangu pameruhusiwa.

Kuhusu jina, hatutaandika websaiti. Tutasema kurasa za mtandao, mpaka wenye mamlaka ya lugha watakapoamua vinginevyo. Katika barua yako hukutaja wachimbaji wanapofanyia kazi. Ninasikia huliita shimo lao duara. Duara ni umbo la jometri. Kama mtalitumia neno hilo, lielezeni mara ya kwanza linapotokea, kisha mlitumie bila haya.

Nina neno moja ambalo nimewaambia wanafunzi wangu wote, tangu wakati ambapo mtu alikwenda posta kupeleka simu ya maandishi na karani akahesabu maneno yake kwa ncha ya kalamu. Andikeni kama watu wanaolipia kila neno.

Tuma kazi.

Marselino Mihayo


Kalangalala
15 Novemba 1998

Shikamoo Mwalimu.

Tumeisoma barua yako kwa sauti, kama ulivyoagiza. Mwita alisema umetuandikia kama mtu anayelipia kila neno kwa fedha za kigeni. Namwombea msamaha.

Ndani ya bahasha hii kuna kurasa saba na picha tano. Tunaomba utuandikie maelezo mafupi ya kila picha, sentensi moja au mbili, nasi tutayaweka chini yake. Picha ya kwanza ni karasha la kusagia mawe. Ya pili ni kina mama wanaotwanga mawe kwa nyundo. Ya tatu ni mizani ya mnunuzi wa dhahabu. Ya tano ni Agnetha na baba yake kwenye mdomo wa duara. Neno tumelieleza, ukurasa wa kwanza, mstari wa tatu.

Picha ya nne ndiyo yenye shida, na ndiyo tunayoitegemea kuliko zote. Dhaval aliipiga mwaka jana, mbele ya duka letu. Huyo mtu aliyefunga tochi kipajini kwa mpira wa baiskeli ni mchimbaji mmoja waliyemwita Ticha. Alikuwa akinunua misumari kwetu. Siku hiyo wateja walibishana namna matimba yanavyopangwa, yaani zile nguzo zinazozuia kuta za duara. Akaomba chaki akachora duara lote kwenye mlango wetu, toka mdomoni mpaka chini kabisa, na vijia vyake vya pembeni. Ukiangalia vizuri utauona mchoro nyuma yake. Michoro yetu yote ya ukurasa wa nne na wa tano tumeinakili kutoka kwenye mlango huo. Baba hakuufuta mpaka mvua ilipoufuta.

Ticha amekufa. Mvua kubwa za mwanzoni mwa mwaka huu zililijaza maji duara lao, matimba yakaachia wakiwa chini. Walikuwa watu sita. Hawakutolewa, wenzao walifukia mdomo na kupanda miti juu yake.

Shida yenyewe ni kwamba masharti ya shindano yanataka kila mtu aliyeko pichani atajwe kwa jina lake halisi, na kama amefariki familia yake itie saini kwenye fomu ya idhini. Lakini machimboni mtu haitwi jina la nyumbani. Wanasema jina la nyumbani likitajwa chini, ardhi hulishika. Kwa hiyo wapo Kigoma, Msumbwa, Kinyozi, Ticha, na mtu akifa hakuna anayejua barua ipelekwe wapi. Tumeuliza wengi. Tunachojua ni kwamba alitoka upande wa Shinyanga na aliwahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Wewe umefundisha huko miaka mingi. Huenda ukiiona sura yake utamjua, au utawauliza wenzako. Fomu ya idhini nimeiambatisha.

Msalimie Mama hapo nyumbani.

Bhavna Sanket


Didia
20 Desemba 1998

Bhavna,

Nimechelewa kujibu. Kurasa zimesahihishwa.

Ukurasa wa pili una neno "sana" mara tisa. Nimeacha moja. Ukurasa wa tatu unamsifu mnunuzi wa dhahabu kabla haujamweleza. Ukurasa wa sita unauliza maswali kisha hauyajibu. Hiyo ni tabia ya wahubiri. Ukurasa wa nne na wa tano sikuona kosa.

Maelezo ya picha yako kwenye karatasi ya mwisho.

Picha ya nne haifai. Iondolewe. Fomu nimeirudisha.

Marselino Mihayo


Kalangalala
9 Januari 1999

Shikamoo Mwalimu. Heri ya mwaka mpya.

Asante kwa kurasa. Tumebadilisha kila ulichoagiza, isipokuwa jambo moja nitakalolisema, nawe ukikasirika nitakuwa nimestahili.

Kwanza, naomba uniwie radhi, maelezo ya picha yamechanganyika. Ya pili yako chini ya tatu na ya tatu yako chini ya pili. Kwa hiyo mizani ya dhahabu imeambiwa inatwanga mawe tangu alfajiri, na kina mama wameambiwa wana uzani wa gramu. Mwita alicheka mpaka akatoka nje. Agnetha hakucheka. Alisema Mwalimu anaumwa. Kama unaumwa, pole. Dhaval anaweza kutafuta dawa Mwanza akienda.

Sasa picha ya nne. Mwalimu, hukusema kwa nini haifai. Kama ni kwa sababu haina idhini, bado tuna wakati. Kama ni kwa sababu mwalimu hapaswi kuonekana na tochi kipajini, naomba unisikilize.

Mimi nyumbani nasema Kigujarati. Kiswahili changu nilijifunzia dukani, nacho kilikuwa Kiswahili cha "hii bei gani, ile lete". Nilipoingia kidato cha kwanza wenzangu walinicheka. Ticha alipokuwa akija kununua misumari hakunicheka, alikataa kununua. Alisimama kaunta akasema hatanunua mpaka niseme sentensi nzima. Wateja nyuma yake wakamzomea, wakamwambia bwana we, duara linakusubiri. Yeye akasema duara halina haraka. Siku nyingine nilijitetea kwa maneno mengi, akaniambia, "Binti Sanket, sema kama mtu anayelipia kila neno." Baba alifurahi, akasema huyu angefaa biashara.

Ulipotuandikia maneno hayohayo mwezi wa kumi, niliona ni msemo wa walimu wote. Sasa nimewauliza walimu wangu wote hapa shuleni. Hakuna anayeujua. Mwalimu, nadhani Ticha alikuwa mwanafunzi wako. Kama ni hivyo jina lake unalo, na familia yake utakuwa unaifahamu. Tafadhali.

Fomu naileta tena.

Bhavna Sanket


Didia
24 Januari 1999

Bhavna,

Siumwi. Maelezo ya picha nimeyapanga upya, yamo humu.

Nilimfundisha.

Familia yake ninaifahamu. Mama yake hajui kwamba alikuwa machimboni. Alipoacha kazi ya ualimu kwa sababu mshahara haukuwa ukifika, alimwomba baba yake asimwambie mama, kwa kuwa kaka yake huyo mama alifukiwa na kisima akiwa kijana, na tangu hapo hapendi kusikia habari ya mtu aliye chini ya ardhi. Kwa hiyo mama aliambiwa kwamba kijana amehamishiwa shule iliyoko Chato, kando ya ziwa, ambako barabara ni mbaya na barua hazifiki. Mpaka leo anajua yuko Chato. Akipata samaki mkavu sokoni huuliza kama ametoka upande huo. Mtu akija kutoka Biharamulo humuuliza habari za mvua.

Familia haijaambiwa. Usiulize tena kuhusu picha hii.

Ukurasa wa sita sasa unasomeka.

Marselino Mihayo


Kalangalala
10 Februari 1999

Shikamoo Mwalimu.

Nilikaa na barua yako siku kadhaa kabla ya kujibu. Nilimsomea Baba. Sikuwasomea Mwita na Agnetha.

Sitauliza kuhusu picha. Tumeitoa, na mahali pake tumeacha mchoro peke yake. Dhaval anasema majaji watauona mchoro tu wala hawatajua kwamba kulikuwa na mtu. Nimemwambia ndiyo.

Lakini lipo jambo ambalo si la shindano, na Baba amesema lazima nikuandikie. Mchimbaji anaposhuka kwa siku nyingi huacha kitu kwa Baba: koti, redio, Biblia, kofia nzuri. Ni desturi tangu wakati wa babu yangu. Baba hafungui wala haandiki. Anakifunga kamba na kukiweka rafu ya juu. Mwenyewe akipanda anakuja kukichukua, na ndivyo Baba anavyojua nani amepanda. Kitu kikikaa, hakiuzwi wala hakigawiwi. Kinaweza kuondoka rafuni kwa mikono ya mwenyewe au ya ndugu, basi. Tuna vitu huko juu vya watu ambao walipoviacha mimi sikuwa nimezaliwa.

Ticha aliacha viatu. Ni viatu vyeusi vya ngozi, vya kuvalia darasani. Alikuwa akivivaa kwenda kanisani Jumapili, na siku ya kushuka alivivua mlangoni kwetu akashuka kwa ndala. Vipo tangu Januari ya mwaka jana.

Nilimweleza Baba kwamba familia haijaambiwa na kwamba wewe ni mwalimu wake tu. Alifikiri, akasema, "Mwalimu wake ni ndugu yake. Vipeleke." Vimo kwenye boksi, ndani ya gunia dogo la chumvi. Tumempa konda wa basi la Shinyanga tunayemwamini, naye atamkabidhi mwenzake wa basi la Tinde avishushe hapo Didia, kwa jina lako. Utakapoona wakati unafaa, utawapa wenyewe. Usipoona, vitakuwa vimekaa kwako badala ya kukaa kwetu. Baba anasema kwa Mwalimu ni karibu zaidi na nyumbani.

Mwita alikwenda mwenyewe kituoni kuhakikisha boksi limefungwa vizuri juu ya basi. Siku hiyo hakufanya utani wowote.

Bhavna Sanket


Didia
7 Machi 1999

Bhavna,

Viatu vimefika.

Siku hiyo nilikuwa mjini Shinyanga kwa habari za pensheni. Konda alilikabidhi boksi kwa mke wangu, Bernadina. Alimwambia limetoka njia ya ziwani. Yeye alifikiri ni samaki.

Niliporudi nilimkuta ameketi mlangoni na viatu mapajani. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimebandikwa kipande cha tairi. Yeye ndiye aliyevipeleka kwa fundi, mwaka ambao kijana alipata cheti cha ualimu. Hakuna aliyehitaji kumwambia ni vya nani. Alikuwa akiondoa udongo kwenye nyayo kwa kijiti na kuuweka kwenye kiganja. Akanionyesha. Akasema, "Chato hakuna udongo mwekundu hivi."

Nikamjibu kwamba hakuna.

Akaniuliza nimejua tangu lini. Nikamwambia tangu mwezi wa kumi na moja. Alifunga kitambaa kichwani vizuri, akaenda kwa jirani yetu Paskazia, na jua lilipokuwa likielekea kutua ua wetu ulikuwa umejaa watu na moto umewashwa.

Utakuwa umeelewa. Nilikuandikia kwamba familia ninaifahamu. Ni familia hii. Ticha alikuwa mwanangu. Ile barua yako ya Novemba, yenye picha tano, niliisoma nikiwa nimesimama posta, nikaikunja, nikanunua stempu nilizokwenda kununua, nikarudi nyumbani nikala. Bernadina alikuwa amepika viazi. Aliniuliza barua inasemaje, nikamwambia ni za watoto wa Geita na kurasa zao. Alikuwa anapenda kusikia habari zenu. Aliniuliza yule Mwita bado anagombana na mashine.

Sina cha kukulaumu. Uliuliza kama inavyopasa.

Wazee wa pande zote mbili walikuja. Walijadiliana kama kaburi lichimbwe, na likichimbwa litiwe nini. Wengine walitaka viatu vizikwe. Bernadina alikataa. Alisema mwanawe amekwisha kuzikwa, na kwamba ardhi haitapewa kitu chake kingine. Basi tulikaa matanga bila kaburi, tukanyoa, watu wakatawanyika. Viatu viko chini ya kitanda, upande wake. Kila Jumapili huvipaka dawa.

Ananipa chakula. Ananiamkia. Hanisemeshi jambo lisilo la lazima, nami sijui nimwambie nini, hivyo jioni hukaa na kalamu nyekundu na kurasa zenu. Nimezisoma zote tena tangu mwanzo. Ukurasa wa nne na wa tano nilikuambia sikuona kosa. Lilikuwapo moja, nalo si la lugha. Mchoro hauna mchoraji.

Juzi Bernadina alileta picha na fomu mezani. Vilikuwa ndani ya kamusi yangu. Sikujua kwamba anajua mahali vilipo. Akaniambia nimsomee fomu. Nikaisoma yote, pamoja na masharti ya nyuma. Akaniuliza hizo kurasa zitasomwa na nani. Nikamwambia ni watu wa mbali, wasiomjua mtu yeyote wa hapa. Akauliza kama watamwona uso. Nikamwambia ndiyo. Akaomba wino. Mahali pa saini pana dole gumba lake, na langu ni jina chini ya hilo.

Nikamuuliza maelezo ya picha niyaandikeje. Alisema kwa Kisukuma. Nami nimeyageuza neno kwa neno, wala sikusahihisha. Yaweke hivi:

"Huyu ni Onesmo. Ni mwalimu. Ana mama Didia."

Usiongeze. Picha ya nne irudishwe mahali pake.

Mfikishie baba yako salamu. Mwambie amana imefika kwa ndugu.

Marselino Mihayo


Kalangalala
2 Juni 1999

Shikamoo Mwalimu. Shikamoo Mama Onesmo.

Sijakuandikia tangu ile barua ya Machi, isipokuwa ile kadi ya pole tuliyotia saini sote. Niliandika barua nyingi nikazichana. Baba alisema niache, kwamba mtu aliyefiwa hahitaji kusoma majuto yangu. Niliposoma habari ya boksi sikwenda shule siku mbili. Nilijiuliza kwa nini sikuliona. Msemo ule, maelezo ya picha yaliyochanganyika, vile ulivyochelewa kujibu, vyote vilikuwa mezani kwangu, nami nikakuandikia kama mtu anayefuatilia mzigo. Sikuombi unijibu kuhusu hilo.

Kurasa zilitumwa tarehe 29 Machi. Dhaval alikaa katika ile ofisi ya Mwanza mchana mzima maana simu ilikuwa ikikatika, na picha ndizo zilizokuwa nzito kupita. Ya nne ilipita ya mwisho. Mwenye ofisi alitaka kuiacha. Dhaval akamwambia hatoki mpaka ipite, akakaa kwenye benchi na kununua karanga.

Matokeo yamekuja jana. Hatukushinda. Wa kwanza ni wanafunzi wa chuo fulani waliotengeneza kurasa za nyota, ambazo ukizigusa zinazunguka. Sisi tumepewa cheti cha ushiriki, na barua ya majaji yenye maoni. Shule haitapata kompyuta. Mkuu wa shule alitangaza mbele ya wanafunzi kwa sauti nzuri kabisa, na akaweka nukta. Mwita anasema yeye hata hivyo alikuwa hapendi nyota.

Majaji wamesifu michoro ya duara. Wanasema ni wazi kiasi kwamba mtu asiyejua lugha yoyote kati ya hizo mbili anaweza kuielewa. Wamesifu Kiswahili pia. Sijui ni nani aliyewasomea. Kasoro waliyotaja ni moja. Nainukuu kwa Kiswahili: "Maelezo ya picha ya nne ni mafupi mno, wala hayasemi mtu huyu anahusikaje na mada. Tunashauri timu iyapanue."

Wametupa mpaka mwisho wa mwezi kufanya marekebisho, kwa sababu kurasa zote zitaendelea kuwapo huko mtandaoni ili wanafunzi wengine wazisome. Agnetha anataka tuandike habari yote: mlango, chaki, mvua. Mwita anataka tuandike majina ya wale watano wengine, kama tutayapata. Tayari ameanza kuuliza, na watu wameanza kuja dukani kutazama rafu. Mimi nimewaambia siwezi kugusa chochote chini ya picha hiyo bila wewe.

Tufanyeje, Mwalimu?

Bhavna Sanket


Didia
14 Juni 1999

Bhavna,

Marahaba. Mama Onesmo naye ameitikia.

Nimemsomea barua yako yote. Palipo na karanga aliniomba nirudie. Anauliza kama Dhaval ameoa. Ni swali lake refu kuliko yote aliyoniuliza tangu Februari, hivyo lijibuni.

Majina ya wale watano yatafuteni. Kila mmoja awe na picha yake au mahali pake, na idhini ya kwao, na maelezo watakayosema wenyewe. Nitumieni, nitayasoma. Msiwatangulie kwa barua. Mtu na aende mlangoni kwao.

Cheti kiwekeni kwenye mlango wa duka lenu, mahali ambapo mchoro ulikuwapo.

Waandikieni majaji, kwa adabu, kwamba mshauri wa lugha ameyapitia maoni yao. Maelezo ya picha ya nne yabaki yalivyo. Kila neno limekwisha kulipiwa.

Marselino Mihayo